Maji Yasiyo na Viluwiluwi

Niliwahi kuamini, kwa moyo wote na kwa akili zangu zote za kidato cha nne, kwamba mtu akinywa maji yaliyolala kwenye dumu la dawa ya mikorosho, mbu hamuwezi tena. Si kwamba mbu atamkwepa, la. Atatua vizuri, atachomeka mrija wake, atafyonza mara moja, halafu ataanguka chali hata mrija hajauchomoa sawasawa. Aliyenieleza hayo alikuwa mpulizaji dawa mwenzangu hapa Kibiti, mtu mwenye sauti nzito iliyoumbwa kwa ajili ya kuapa, na aliapa kwamba nyumbani kwake hawajatundika chandarua tangu mwanawe wa kwanza hajaota meno. Mwana mwenyewe wakati huo alikuwa ameshaoa.

Ukiniuliza kwa nini niliamini, nitakujibu kwamba nilihakikisha. Nililijaza maji dumu moja tupu la dawa nyuma ya banda tulilokuwa tukichanganyia dawa, nikaliacha wazi juma zima. Kwa jirani kulikuwa na ndoo ya maji ya mvua, na viluwiluwi wa mbu walijaa humo mpaka maji yenyewe yakakosa pa kukaa. Kwenye dumu langu hamna. Nikaongeza juma la pili. Hamna hata mmoja. Maji yametulia, yanang'aa, unaweza kunyoa ndevu kwa kujitazama humo. Nikasema basi, hii si habari ya kijiweni tena, hii ni sayansi.

Neno sayansi nilikuwa nalipenda kwa sababu lilinigharimu usingizi mwingi. Nilisoma masomo ya usiku nikiwa na miaka thelathini na ushei, katika darasa la shule ya msingi, tumekalia madawati ya watoto, magoti yanagonga kidevu. Mchana nilibeba mashine ya kupulizia mgongoni, usiku nilibeba daftari. Mara nyingine niliingia darasani ninanuka dawa kiasi kwamba mende wa shule nzima walihama kabla sijafika. Lakini nilifaulu, na tangu siku ile nilipochukua cheti, mtaani kwetu hakuna karatasi iliyoweza kupita bila kuletwa kwangu. Barua ya kijiji, karatasi ya hospitali, maandishi ya kwenye mfuko wa mbegu, yote nilisoma mimi. Nisichokijua nilikijaza mwenyewe. Hilo la kujaza ndilo linaloniuma mpaka leo.

Dada yangu, aliyenibeba mgongoni nikiwa mchanga, ameolewa delta, mto unapoingia baharini, safari ya boti kutoka Nyamisati. Huko shida ya maji ni chumvi. Kiangazi kikikaza, bahari hupanda mtoni, na kisima ukikichimba kinakupa maji ya kuoshea vyombo tu. Kwa hiyo wanasubiri maji kupwa, wanaingia kwenye mtumbwi na madumu yao, wanapiga kafi kuelekea juu. Anayekaa mbele ana kata mkononi. Anachota, anaonja, anatema. Bado. Wanasonga. Anachota tena, anaonja, anatema. Bado. Hivyo hivyo mpaka ulimi ukubali, na siku nyingine ulimi hukubali mbali sana. Dada alizoea kusema kwamba kuna siku nusura achote Ikwiriri, bara kabisa.

Ulimi ndio kipimo chao cha kwanza. Cha pili ni macho: maji yakikaa siku mbili tatu ndani, unachungulia. Wadudu wakicheza, unachuja kwa kitambaa na kulalamika. Wasipocheza, hayo ni maji. Kipimo cha tatu hakuna, na mimi mwenye cheti sikuwahi kuwaongezea.

Madumu yao yalikuwa ya mafuta ya kula, yale ya njano. Hayo hayawezi kazi ya mtumbwi. Yanasuguana, yanapasuka pembeni, unayaziba kwa plastiki ya kuyeyusha, yanapasuka pengine. Siku moja dada akanipigia simu. Alikuwa amepoteza dumu zima njiani, maji yote ya siku mbili yamemwagikia miguuni, na kwa kupwa ile hapakuwa na muda wa kurudi tena. Akaniambia kwa utani wake wa siku zote, "Mdogo wangu, huko kwenu hakuna madumu yenye mifupa?"

Nikamwambia yapo.

Bandani kwetu yalikuwa yamerundikwa. Meupe, mazito, mfuniko mwekundu unaobana mpaka unalia. Ukiliangusha toka juu ya mnazi linadunda na kukurudia mkononi. Bwana shamba alikuwa ameshatuagiza zaidi ya mara moja kwamba dumu likiisha dawa tulitoboe tumbo kwa msumari, tulitenge, lisitumiwe. Tulimsikiliza kwa adabu. Akiondoka tulisema kwamba anataka yabaki mengi apate kuyauza yeye. Hatukuwa na sababu yoyote ya kumdhania hivyo, ila kwetu mtu akikukataza kitu kizuri, cha kwanza unajiuliza anakitakia nini yeye. Nikatoboa mabovu. Mazuri mawili nikayaficha nyuma ya magunia ya salfa ya mikorosho.

Niliyafikisha nyumbani kwanza. Mke wangu alinikuta nayo uani, akainusa mifuniko, akarudi nyuma hatua mbili.

"Haya hayalali ndani kwangu," akasema. "Yakae huko chooni na mabuti yako ya kupulizia."

Nikamweleza habari ya mbu. Nikamweleza habari ya ndoo na dumu, na majuma mawili ya uchunguzi. Akanisikiliza mpaka mwisho, mwiko mkononi, kisha akasema yeye hajasoma, lakini pua yake haina ujinga. Nikacheka sana. Nikamwambia kwamba shida ya wasiosoma ni kufikiri kwa pua. Na maji yetu ya kunywa yakaendelea kukaa kwenye dumu la njano, nami nikaendelea kuyanywa bila kusema neno. Naomba msomaji alikumbuke jambo hilo, maana mimi siku ile sikuliona kuwa jambo.

Sikuyapeleka kwa dada bila kuosha. Mungu ananiona. Niliyaosha kwa sabuni ya unga, kwa majivu, kwa maji ya moto, kwa mchanga wa mtoni nikayatikisa mpaka mabega yakatoka mahali pake. Nilihesabu mara saba, na mojawapo kwa udongo, kama tulivyofundishwa chuo cha Kurani kuhusu chombo kilichorambwa na mbwa. Nilijiambia kwamba kama sheria inakitakasa chombo cha mbwa kwa mara saba, dumu la dawa ni nani hata lishindikane. Harufu ilipungua. Haikwisha, lakini ilipungua, ikawa kama harufu ya duka la vifaa vya shamba ukipita barabarani. Nikasema hiyo ni harufu ya upya.

Delta nilipokelewa kama bwana harusi. Dada aliyapiga madumu makofi, akayakalia, akamwita mumewe naye ayakalie. Shemeji yangu ni mtu mpole, mlima mpunga na mtega kaa, mtu wa maneno matatu kwa siku. Yeye ndiye aliyeiona picha. Karatasi ya nje nilikuwa nimeibandua, ila kipande kimoja kilibaki kimeng'ang'ania, na juu yake pana fuvu na mifupa miwili.

"Shemeji, hili fuvu la nini?"

Majirani walikuwa wameshakusanyika, wote wananitazama mdomoni. Ningeweza kusema sijui. Ningeweza kusema ukweli, kwamba ni dalili ya sumu, kwa kuwa nilijua. Mtoto wa darasa la tatu anajua. Lakini nilikuwa nimeshapigiwa makofi. Nikasema fuvu lile ni la mdudu. Wamelikuza, nikasema, ili mkulima aone vizuri mdudu gani anayekufa.

Mdudu hana fuvu. Nililijibu swali hilo kwenye mtihani, na nikapata.

Wakacheka kwa kuridhika, shemeji akacheka, na mzee mmoja akaniomba nimletee dumu kama hilo kwa ajili ya msikiti, watu wapate maji ya kunywa wakitoka kuswali. Nikaahidi matano. Nilikuwa mwepesi wa kuahidi na mzito wa kutekeleza, nikasahau, na leo katika tabia zangu zote mbaya namshukuru Mungu kwa ile moja.

Kwa miezi kadhaa simu za dada zilikuwa za sifa. Dumu halivuji. Maji hayaoti wadudu hata yakikaa siku kumi. Wanawake wenzake wanakuja kuchungulia na kushika viuno. Kisha sifa zikaanza kuchanganyika na maneno mengine. Kichwa kinauma. Mate yanamjaa mdomoni kama mjamzito, na umri huo umeshampita. Jioni akitunga sindano haoni tundu. Tumbo linamkata, linaacha, linamkata. Jirani mmoja akasema ni moshi wa kuni. Mwingine akasema ni jini wa mikokoni, amekasirika kwa sababu ya kuni hizo hizo. Mimi nilisema ni shinikizo la damu na nikamwambia apunguze chumvi, nikasisitiza anywe maji mengi. Hilo nilisoma mahali. Maji mengi, dada, nilimwambia kila nilipopiga simu. Usipungukiwe na maji.

Nilipoona hapati nafuu nikamwambia aje Kibiti apumzike kwetu. Akaja amepungua, macho mekundu, anajifuta mdomo kwa pembe ya kanga. Tulipanga kwenda kituo cha afya, lakini siku ya tatu akaamka amechangamka. Siku ya tano alikuwa akigombea mwiko na mke wangu. Juma la pili alikuwa akinisimulia utoto wangu mbele ya wanangu, mambo ambayo hakimu angeyafungulia faili. Nikajisifu. Nikasema dawa yake ilikuwa kucheka, na mchekeshaji ni mimi. Mke wangu alimkorogea uji, alimpikia samaki wa nazi, akamtekea maji kwenye lile dumu la njano, na sifa zote nikazichukua mimi.

Siku ya kuondoka akaomba kitu kimoja, kama kipo: galoni dogo la kuweka maji ya kunywa kwenye mtumbwi. Nikakimbia bandani. Lilikuwepo moja la lita tano, lina mfuniko ule ule mwekundu. Boda alikuwa ameshawasha pikipiki na boti ya Nyamisati haimsubiri mtu. Nikalisuuza mara moja. Mara moja tu, kwa maji ya baridi, nikalijaza na kumkabidhi, na akanibariki kwa mikono miwili.

Siku ya nne simu ililia. Shemeji, yule wa maneno matatu kwa siku, aliongea mpaka salio likamwishia. Dada ameanguka. Ametapika, anatetemeka, jasho linamtoka kama amemwagiwa maji, mate hayakatiki. Wako kwenye boti.

Niliwapokea Nyamisati na gari la kukodi, tukampeleka kituo cha afya. Tulipofika alikuwa hanijui. Daktari alimmulika machoni, akaita mwenzake naye amulike: mboni zilikuwa zimesinyaa mpaka kuwa kama tundu la sindano. Walituuliza kama amekunywa dawa ya shamba. Tukakataa wote wawili, kwa kiapo. Wakamhudumia tangu adhuhuri mpaka alasiri, na alasiri ile nilikaa kwenye benchi nikiwa nimepoteza utani wote. Nisikuweke roho juu: alipona. Yuko hai, ananipigia simu na kunisimanga. Ila sindano hatungi tena, na ujumbe wa simu anasomewa.

Akiwa amepata fahamu, akaja bibi afya. Alikuwa mama mfupi, mtandio wake ameufunga vizuri, na daftari limekunjwa katikati. Akauliza maswali ya kawaida: maji wanachota wapi, wanaweka kwenye nini. Shemeji, kwa nia njema kabisa, akatoa galoni kwenye kikapu. Alikuwa amekuja nalo ili mgonjwa asikose maji njiani. Bibi afya akafungua mfuniko, akanusa, akaufunga. Akauliza limetoka wapi.

Mimi nilikuwa nimesimama miguuni mwa kitanda. Dada yangu alinitazama, kama anaweza kuniona sijui, kisha akamgeuzia bibi afya uso.

"Nimenunua," akasema kwa sauti ya kukwaruza. "Kwa mchuuzi. Simjui."

Bibi afya akaandika. Nami nikanyamaza. Nimetia chumvi mambo mengi katika maisha yangu, na katika karatasi hizi pia, lakini hapa sitaongeza wala kupunguza: dada yangu aliyekuwa hajaweza kukaa mwenyewe alinisemea uongo, na mimi niliupokea. Niliuona unaandikwa kwenye daftari. Nilipumua hata.

Kesho yake asubuhi shemeji akaniaga. Mpunga ulikuwa umeanza kuzaa, ndege wameshaanza kazi yao, na hakukuwa na mtu wa kukaa kwenye dungu kuwafukuza. Tulikuwa tumesimama mlangoni mwa kituo. Akanishika bega, akaniambia nisijitese.

"Ubaya uko kwenye hili la haraka," akasema. "Yale mawili uliyaosha vizuri, shemeji. Mara saba. Nitaendelea na hayo hayo."

Na mimi, kabla sijajua, nilikuwa nimeshatikisa kichwa kukubali. Kwa sababu nilifikiri vivyo hivyo. Usiku mzima nilikuwa nimejipimia kosa langu kwa galoni lile moja, lita tano, kuosha mara moja, haraka ya boti. Yale mawili sikuyatia hesabuni. Akavuka barabara kutafuta boda, na mgongo wake ulivyokuwa unakwenda ndipo nikajiuliza: dada aliumwa miezi yote ile kabla ya galoni, alikuwa anakunywa kwenye nini? Na kwangu alipopona, alikunywa kwenye nini?

Nikapiga kelele asimame, asipande. Kisha nikageuka ndani kumtafuta bibi afya. Nilimkuta kwenye korido anakunywa chai. Nikamwamkia, shikamoo mama, akaitikia marahaba, nikamwambia uongo wote ulivyokuwa. Kwamba hakuna mchuuzi. Kwamba ni mimi, mdogo wake, mpulizaji wa mikorosho, na bwana shamba alishatukataza. Kwamba nilisema fuvu ni la mdudu. Aliposikia hilo la fuvu aliweka kikombe chini. Alidhani nimemaliza. Akaniuliza, kwa upole, "Na kwako mnakunywa kwenye dumu gani?"

"La njano. La mafuta ya kula."

Akakisukuma kikombe pembeni. Ningependa angenikemea.

Nikamwonyesha shemeji, amesimama kule ng'ambo ya barabara na kikapu chake kitupu, anatungojea. Nikamwambia yuko njiani kurudi, na nyumbani yapo madumu mengine mawili. Nikajitetea, hata saa ile nikajitetea: nikasema hayo niliyaosha mara saba na moja kwa udongo, na kwa miezi yote hayakuwahi kuota kiluwiluwi hata mmoja, walichungulia kila siku.

Bibi afya akafungua daftari lake, akakata mstari wa mchuuzi.

"Mara saba ni za mbwa, baba," akasema. "Hii ni sumu, na plastiki imeshainywa, kila ukitia maji inayarudishia. Na viluwiluwi hawakuwemo kwa sababu walikuwa wanakufa."